Utangulizi: Distro ya Kwanza kwa Laptopu ya Mtumba

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, kwa upande wa Intel hukubali rasmi prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. Kwa sharti hilo moja, HP EliteBook 840 G3, ambayo utaikuta kwa urahisi katika maduka ya Kariakoo na ya Luthuli Avenue, haipiti, kwa kuwa prosesa yake ni ya kizazi cha sita. Laptopu hiyo haina ugonjwa wowote. Ina nafasi mbili za RAM ya DDR4, inapokea SSD, kibodi yake ilitengenezwa kwa ajili ya karani anayeandika kutwa, na fundi yeyote aliyezoea mashine za ofisini anajua kuifungua. Kilichokwisha ni ahadi ya kampuni kuutunza mfumo uliomo ndani yake.

Mwenye laptopu ya namna hiyo ana njia chache. Anaweza kuendelea na Windows 10 isiyopokea viraka vya usalama, au kujiandikisha kwenye nyongeza ya muda mfupi, au kulazimisha Windows 11 iingie kwa ujanja ambao Microsoft yenyewe haiuungi mkono. Wengi huku kwetu hushika njia nyingine, ile ya nakala isiyo na leseni inayofunguliwa kwa programu ya kuvunja kufuli iliyopitishwa kutoka flashi hadi flashi. Na mara nyingi programu hiyo huingia pamoja na virusi vyake. Ipo pia njia ya Linux, na huko ndiko ninakotaka kukukaribisha.

Nimeandika utangulizi huu kwa ajili ya mtu aliyenunua, au anayetaka kununua, laptopu iliyokwisha kufanya kazi katika ofisi ya Ulaya au Marekani. Amesikia kuwa Linux ni bure na kwamba virusi vya flashi vya kawaida haviipati. Lakini kila anapouliza aanze na ipi, anatajiwa majina chungu nzima: Ubuntu, Mint, Debian, Fedora, Arch, Zorin, MX. Kila anayetaja jina anasema lake ndilo bora. Orodha ya majina huchakaa haraka, kwa hiyo nitajitahidi zaidi kukupa namna ya kufikiri, kisha nitataja chaguo langu bila kuficha.

Hoja nitakayoisimamia ni kwamba kuchagua distro ni kuchagua watunzaji. Rangi ya dirisha, picha ya nyuma, mahali menyu ilipo, hayo yote hubadilishwa kwa dakika chache. Kisichobadilishwa kirahisi ni nani anayeziba matundu ya usalama, ataendelea kufanya hivyo hadi mwaka gani, na mtu wa kukusaidia mambo yakikwama yuko umbali gani na wewe.

Ili hoja hiyo ieleweke, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1983, huko Marekani, Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU. Lengo lake lilikuwa kuandika mfumo endeshi mzima ambao kila mtu angekuwa na haki ya kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuugawa. Kufikia mwaka 1991 vipande vingi vilikuwa tayari, isipokuwa kerneli, yaani ile sehemu ya ndani inayozungumza na prosesa, diski na vifaa vingine. Agosti ya mwaka huo Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21, alitangaza kuwa anaandika kerneli yake mwenyewe. Hiyo ndiyo Linux kwa maana halisi.

Kerneli peke yake haikuandikii barua wala haikufungulii picha. Lazima watu waichukue, waikusanye pamoja na maelfu ya programu nyingine, wahakikishe zinapatana, na watengeneze njia ya kuzisakinisha. Kisha wakae macho miaka yote inayofuata: tundu la usalama likigunduliwa leo, wao ndio wa kulirekebisha, kulijaribu na kukupelekea marekebisho. Mkusanyiko huo, pamoja na watu wanaouangalia, ndio unaoitwa distro. Katikati ya mwaka 1993 Patrick Volkerding alitoa Slackware, na Agosti ya mwaka huohuo Ian Murdock akaanzisha Debian. Zote mbili ziko hai hadi leo.

Nami huwaambia wanafunzi wazisome distro kama watu wa ukoo mmoja wanavyosomwa katika nasaba. Debian ni babu. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, pamoja na kampuni yake ya Canonical, aliichukua Debian, akairahisisha na kuitoa kwa jina la Ubuntu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, Canonical ilituma CD kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Linux Mint ilizaliwa mwaka 2006 kutoka kwa Ubuntu, ikiongozwa na Clément Lefebvre. Xubuntu, Lubuntu na Zorin nazo ni wajukuu wa mlango huohuo. Upande wa pili wa ukoo wapo Red Hat na Fedora, na pembeni kuna Arch, iliyoanza mwaka 2002, yenye tabia zake. Faida ya kuijua nasaba ni kubwa kwa mwanafunzi: ukijifunza amri ya apt, ya kusakinisha programu, kwenye Mint, umejifunza pia ya Ubuntu na ya Debian, na majibu yaliyoandikwa kwa ajili ya mmoja mara nyingi huwafaa na wengine. Kwa hiyo majina yale mengi yaliyokutisha yanapungua ghafla. Unachagua mlango kwanza, halafu mtu ndani ya mlango huo.

Lakini kabla ya mlango, iangalie mashine, maana ndiyo itakayokukatalia mambo, na ni vizuri ikukatalie ukiwa bado dukani na pesa iko mfukoni mwako.

Anza na prosesa. Kwenye laptopu nyingi za Intel za miaka hiyo, jina lenyewe hutaja kizazi: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-3320M ni cha tatu, i5-10210U ni cha kumi. Kwa kazi za kawaida za kuandika, kusoma, kutazama video na kutumia intaneti, kizazi cha tatu bado kinafaa kabisa chini ya Linux. Lenovo ThinkPad T430 ya mwaka 2012 ni mfano mzuri. Ni nene na nzito, lakini inapokea RAM hadi GB 16 na vipuri vyake vinajulikana. Mashine zinazopaswa kukutia wasiwasi ni zile ndogo za zama za Atom. Atom N270 ya mwaka 2008 ni ya biti 32 tu, na distro nyingi kubwa zimekwisha kuiacha mkono. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Atom N2600 iliyofuata ina kifaa cha michoro ambacho Linux haijawahi kukihudumia vizuri. Muuzaji akikwambia ni laptopu nzuri ya mtoto wa shule, mshukuru uendelee na safari.

Baada ya prosesa, tazama diski, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu ndipo tofauti kubwa kuliko zote inapopatikana. Laptopu ya ofisini yenye diski ya kuzunguka ya GB 500 itakuwa nzito hata ukiiwekea distro nyepesi kuliko zote duniani. Mkono wa diski ile husogea huku na huko kutafuta vipande vidogo vidogo vya faili, na mfumo wowote wa kisasa husoma vipande vya namna hiyo kwa maelfu wakati wa kuwaka. SSD haina kitu kinachozunguka wala mkono wa kusogea. Weka SSD ya GB 240 katika mashine ileile, na utadhani umenunua nyingine. Watu wengi huhangaika miezi kutafuta distro nyepesi zaidi na zaidi, kumbe dawa ingekuwa kubadilisha diski. Kama pesa yako inatosha kitu kimoja tu, na laptopu ina RAM ya GB 4, nunua SSD kwanza. RAM ifuate.

Kuhusu RAM nitasema waziwazi: kinachoila ni kivinjari kuliko mfumo. Mfumo mwepesi huweza kuridhika na chini ya GB 1, lakini fungua barua pepe, YouTube na waraka mmoja wa Google, na GB 2 zimekwisha bila kujali umesakinisha nini. GB 4 ndicho kiwango cha chini ninachokipendekeza kwa mtu anayetegemea intaneti. GB 8 ni raha. Kabla ya kulipa, uliza kama RAM imechomelewa kwenye ubao au inatoka. Laptopu nyingi nyembamba zimeifunga humo moja kwa moja, na utaishi na kiasi ulichokikuta.

Kadi ya Wi-Fi nayo ina siri yake. Zile za Intel hufanya kazi mara moja. Nyingi za Broadcom, ambazo utazikuta kwenye baadhi ya Dell za zamani na kwenye MacBook za miaka ya 2012 hadi 2015, huhitaji draiva ya kampuni isiyo huria, na draiva hiyo lazima ipakuliwe, na kupakua kunahitaji mtandao ambao kadi haijaupata. Suluhisho unalo mfukoni. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa njia hiyo, na laptopu itaiona simu kama waya wa mtandao. Kwa muda mrefu Debian ilikuwa inawapa taabu wageni kwa sababu ya msimamo wake wa kutoweka programu zisizo huria kwenye kisakinishi rasmi. Baada ya kura ya wanachama wake mwaka 2022, kuanzia Debian 12 ya Juni 2023 programu hizo za ndani za vifaa zimo. Anayekutisha na Debian kwa sababu hiyo anazungumzia zama zilizopita.

Yapo mengine ya kukagua dukani. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, uone kama imefungwa kwa nenosiri. ThinkPad iliyofungwa nenosiri la msimamizi haifunguki kwa kutoa betri ndogo ya ubao, na muuzaji asiyelijua nenosiri hilo anakuuzia mlango usio na ufunguo. Betri ya mtumba itakuwa imechoka, hilo lichukulie kama sehemu ya bei. Laptopu zenye kadi ya pili ya michoro ya Nvidia zina usumbufu wake, na anayeanza afadhali achukue yenye michoro ya Intel pekee. Kisoma alama za vidole kwenye mashine za zamani mara nyingi hakitafanya kazi, na hakuna hasara kubwa.

Jambo moja linapaswa kukupa moyo. Laptopu mpya kabisa huweza kuisumbua Linux, kwa sababu kerneli iliyomo kwenye distro yako huenda ilitolewa kabla ya vifaa vile kujulikana. Laptopu ya miaka minane imekwisha kupita mikononi mwa maelfu ya watumiaji waliotangulia, kasoro zake zimeripotiwa, draiva zake zimesahihishwa. Mnunuzi wa mtumba, kwa upande huu, ameanza akiwa mbele ya mnunuzi wa mpya.

Sasa eneokazi, yaani sura ya mfumo na namna unavyoushika. GNOME, ambayo ndiyo sura ya kawaida ya Ubuntu na Fedora, ni nzuri lakini inataka RAM na inataka ujifunze mazoea mapya. Cinnamon ya Mint inafanana kwa mpangilio na Windows 7 au 10: menyu kona ya chini kushoto, saa kulia, madirisha yakijipanga chini. Xfce, ambayo Olivier Fourdan aliianza mwaka 1996, ni nyepesi, haina mbwembwe, na imebadilika polepole kiasi kwamba mtu aliyeifahamu miaka kumi iliyopita hapotei leo. LXQt ni nyepesi pia. KDE Plasma inabadilishika kila upande, na kwenye GB 8 inakwenda vizuri. Hayo yanatosha, usitumie wiki nzima hapa, maana eneokazi lingine laweza kuongezwa baadaye bila kusakinisha mfumo upya.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo miongozo mingi ya Ulaya hulipita haraka, kwa sababu waandishi wake hulipia intaneti kwa mwezi bila kuhesabu. Sisi tunalipia bando. Distro ni uhusiano wa miaka, na uhusiano huo hupita kwenye bando lako kila wiki.

Zipo distro zinazotoa toleo na kulitunza kwa muda mrefu bila kubadilisha programu kubwa. Toleo la miaka mingi la Ubuntu hutoka kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, na hutunzwa miaka mitano. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itatunzwa hadi 2029. Debian hutunza kila toleo kwa miaka mitatu, kisha kikundi kingine huendelea hadi mwaka wa tano. Fedora hutoa toleo jipya kila miezi sita na kuliacha baada ya miezi kama kumi na mitatu. Arch haina toleo kabisa. Kila kitu husonga mbele kila siku, na ukiiacha laptopu miezi mitatu kwa sababu ya mitihani, sasisho moja laweza kupita GB 1 na kuja na mabadiliko ambayo lazima uyasome kabla ya kukubali. Naipenda Arch, na maandiko yake ya msaada ni miongoni mwa bora yaliyopo, kiasi kwamba hata sisi wa Debian huyasoma. Lakini kama mtu wa kwanza wa kukaa naye katika nyumba yenye bando la kuhesabu, hapana.

Kuna tofauti ndogo isiyotangazwa sana. Xubuntu na Lubuntu, ingawa zimejengwa juu ya Ubuntu ileile, matoleo yao ya muda mrefu hutunzwa miaka mitatu, wakati Mint yenye Xfce hutunzwa mitano. Kwa mtu ambaye kusakinisha upya kunamgharimu bando na siku ya kazi, miaka hiyo miwili ni kitu.

Angalia pia namna programu zinavyofika. Katika ukoo wa Debian, programu hukaa katika ghala la distro, zimekaguliwa na watunzaji, na vipande vya pamoja hupakuliwa mara moja tu kwa matumizi ya programu zote. Ubuntu siku hizi hutoa baadhi ya programu, Firefox ikiwa mojawapo tangu toleo la 22.04, kwa mfumo uitwao Snap. Kila Snap hubeba sehemu kubwa ya mahitaji yake, na kwa kawaida hujisasisha yenyewe bila kukuuliza, ikiangalia mara nne kwa siku. Mtu anayetumia bando la simu ataona megabaiti zake zikiondoka bila kujua ziendako. Inawezekana kuzuia kwa amri ya snap refresh --hold, ila anayeanza hajui amri hiyo ipo. Mint iliifunga Snap tangu mwaka 2020. Flatpak, mfumo mwingine wa namna hiyo ambao Mint inaukubali, nayo ni nzito ikipakuliwa mara ya kwanza. Itumie pale tu ambapo ghala la kawaida halina unachotaka.

Wale wanaoendesha maabara ya shule wana faida zaidi. Programu zilizopakuliwa kwa amri ya apt-get hukaa katika folda ya /var/cache/apt/archives, na zinaweza kunakiliwa kwa flashi hadi mashine nyingine ya toleo lilelile. Bora zaidi, programu ya apt-cacher-ng huifanya kompyuta moja iwe mpokeaji: inapakua kila kitu mara moja, na nyingine zote hujichotea kwake kwa mtandao wa ndani. Darasa lenye kompyuta ishirini husasishwa kwa bando la kompyuta moja. Sijui njia nyingine iliyo halali inayowezesha hilo kwa gharama ndogo namna hii, na ningependa kila mwalimu wa kompyuta aifahamu.

Tuje kwenye kazi. LibreOffice itafungua nyaraka za Word na Excel, na kwa barua, ripoti na bajeti za kawaida utafanya kazi bila shida. Malalamiko mengi kwamba waraka umevurugika hutokana na herufi: waraka uliandikwa kwa Calibri, kompyuta haina Calibri, mistari ikasogea. Sakinisha Carlito na Caladea, zilizochorwa kwa upana uleule wa Calibri na Cambria, na mistari mingi itarudi mahali pake. Fomu za Excel zenye makro nzito ni habari nyingine. Hizo zinaweza kukataa. Photoshop, AutoCAD na QuickBooks ya kusakinisha hazina toleo la Linux. Kama mkate wako unatoka kwenye mojawapo ya hizo, usifute Windows. Gawanya diski uishi na mifumo miwili, au bakiza mashine moja kwa kazi hiyo. Printa za HP hupokelewa vizuri. Printa ndogo za leza za Canon za mfululizo wa LBP za zamani zina historia ya usumbufu, kwa hiyo mwenye duka la stationari aijaribu printa yake kwanza, mapema, kabla ya uamuzi wowote.

Sasa chaguo langu. Kwa laptopu yenye SSD na RAM ya GB 8, kizazi cha tatu hadi cha saba, na mtu anayetoka Windows, naanza na Linux Mint ya Cinnamon. Kwa GB 4, Linux Mint ya Xfce. Kwa mtu anayetaka mashine isiyobadilika kabisa, mwandishi kwa mfano, au ofisi ndogo ambayo mtu mmoja atakuwa anaiangalia, Debian yenye Xfce ni bora hata kuliko Mint, ila inataka uvumilivu zaidi siku ya kwanza. Kwa mashine ya biti 32 ambayo hukuwa na namna ila kuipokea, antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12, bado ina toleo lake. Na Debian 12 yenyewe itaendelea kupata viraka hadi Juni 2028. Itumie kwa kuandika, kusikiliza na kujifunza amri, usitegemee kivinjari.

Chaguo hilo nalibatilisha mara moja kwa sababu moja. Kama fundi wako wa mtaani, au kaka yako aliyeko chuoni, au kikundi cha wanafunzi mnachokutana nacho kila Jumamosi kinatumia Fedora, basi chukua Fedora. Mtunzaji aliye karibu ana thamani kuliko tofauti zote nilizozieleza. Akija na kuona skrini anayoijua, atarekebisha kwa dakika tano kitu ambacho wewe peke yako ungekihangaikia usiku mzima.

Uzuri wa somo hili ni kwamba huhitaji kuniamini. Distro nyingi hukuruhusu kuzijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Tafuta flashi ya GB 8, pakua faili la Mint la karibu GB 3, ikiwezekana usiku bando likiwa nafuu, hakiki namba yake ya SHA256 ili ujue limefika zima, kisha liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Washa laptopu ukibonyeza F12 kwa Dell na ThinkPad, au F9 kwa HP. Mfumo utakuja taratibu, kwa kuwa flashi si SSD, hivyo usiupime kwa mwendo. Pima mambo mengine: je, Wi-Fi inaona mitandao? Sauti inatoka? Vitufe vya mwanga vinaitika? Ukifunika laptopu ikalala, inaamka ukiifunua? Projekta ya darasani inaonekana kupitia HDMI? Fungua programu ya Disks usome afya ya diski, na kwa terminali andika upower -d ulinganishe uwezo wa betri wa sasa na ule iliozaliwa nao. Muuzaji mwenye nia njema hatakuzuia kufanya haya dukani.

Yote yakikubali, nakili faili zako nje kabla ya kusakinisha, kwa sababu kisakinishi kikiambiwa kifute diski kitafuta. Na kama unajua moyoni mwako kuwa utatamani kuonja distro nyingine baadaye, ipe folda ya /home sehemu yake peke yake kwenye diski. Siku utakayohama kutoka Mint kwenda Debian, nyaraka na picha zako zitabaki zilipo.

Kuhusu lugha, nina neno la mwisho kwa wasomaji wa Kiswahili. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mradi wa Kilinux, uliotafsiri programu huria kwa Kiswahili na kukusanya msamiati wa kompyuta. Mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, na inafaa kuiwasha siku ya kwanza. Hata hivyo ukichagua Kiswahili wakati wa kusakinisha Mint utakuta sehemu kubwa ya menyu bado iko kwa Kiingereza, kwa sababu tafsiri hufanywa na watu wa kujitolea na wa kwetu ni wachache. Mint hutafsiriwa kupitia Launchpad, LibreOffice kupitia Weblate. Kote kuwili unafungua akaunti bila malipo, unachagua Kiswahili, unaletewa sentensi ambazo hazijapata mtu, na unaanza na ile unayoiweza.